Kabla ya Novemba: barua ya wazi kwa viongozi wa Lindi, Mtwara na Pwani

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Lindi, Mtwara na Pwani, Wakuu wa Wilaya, Wakurugenzi wa Halmashauri, na wote mliokabidhiwa umeme, barabara, maji na maafa katika mwambao wetu.

Waheshimiwa, salaam.

Naandika nikiwa mkazi wa kijiji kimoja cha pwani ya Kilwa. Ombi langu ni moja, nalitanguliza lisije likapotea katika maneno mengi. Katika mipango yenu ya mwaka, hesabuni kwamba ipo siku upepo na mvua kubwa vitaziacha nyumba za vijijini huku gizani siku kumi mfululizo, kisha mtusaidie kuziandaa kwa hali hiyo kabla msimu wa vimbunga, unaoanza Novemba, haujafika. Mipango ninayoiona huanza siku upepo unapovuma. Mahema huja, unga na mablanketi huja, na tunashukuru, lakini hivyo ni vitu vya mtu aliyekwisha kupoteza. Mimi naomba vile vya mtu ambaye nyumba yake bado imesimama.

Kimbunga Hidaya kiligusa Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kilikuwa kimeshapungua nguvu, na watu wengi wa mbali walishusha pumzi wakasema Mungu ametuepusha. Kwa upande wa upepo, kweli alituepusha na makubwa. Mvua haikutupita. Barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika Somanga na kwingine ndani ya Wilaya ya Kilwa, malori na mabasi yakalala njiani siku kadhaa, na siku zile kitu kilichoingia au kutoka kwa barabara kilipita kwa tabu kubwa. Ufuta uliokuwa unakaribia kuvunwa ulilala matopeni. Na ule ulikuwa upepo uliochoka. Siku ukija ambao haujachoka, utazikuta nyumba ni zilezile na nguzo ni zilezile.

Najua wapo miongoni mwenu wanaoamini kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, na kwamba Hidaya ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Sayansi inawapa sehemu ya haki: karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msukumo wa kutosha kujiviringisha, ndiyo maana vimbunga vingi hupita kusini yetu. Vingi, lakini si vyote. Aprili 1872, Sultani Barghash akiwa hajatimiza hata miaka miwili kitini, kimbunga kiliifyeka mikarafuu ya Unguja na kuziangamiza meli zake. Aprili 1952 kimoja kiliingia Lindi na kuua watu. Aprili 2019 Kenneth ilikuwa inatuelekea, Mtwara watu wakahamishwa na shule zikafungwa, kisha ikaingilia Cabo Delgado ya Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Desemba 2024 Chido ilipiga Mayotte, na siku ya pili yake ikawa Cabo Delgado kwa mara nyingine. Anayeishi Msimbati au Tandahimba hahitaji kuelezwa umbali wa kutoka pale hadi huku.

Kuhusu tahadhari, sina ugomvi na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakati wa Hidaya taarifa zilitoka mapema, zikarudiwa, zikatangazwa redioni na kusambaa kwenye simu. Tumeshazizoea zile rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Shida inaanza pale taarifa inapoishia. Inasema upepo utazidi kilomita fulani kwa saa, mawimbi yatazidi mita fulani, na athari zinazoweza kujitokeza ni baadhi ya makazi kuzungukwa na maji. Mama mwenye nyumba ya udongo na paa la bati anaisikiliza mpaka mwisho, kisha anabaki na swali: sasa nifanye nini? Mvuvi anaambiwa asiende baharini, na hilo ni agizo linaloeleweka. Mwenye nyumba haambiwi kitu.

Naomba kila rangi ije na kazi yake. Ya njano iseme: safisheni mifereji, kateni matawi yaliyoinamia nyumba, sageni unga, chajini kila kitu kinachochajiwa. Ya chungwa iseme: jazeni maji katika kila chombo chenye kifuniko, shusheni mawe na matofali mliyoweka juu ya bati, fungueni paneli za sola mzilaze ndani, vuteni ngalawa juu, kadi za kliniki na vitambulisho vya NIDA viingie kwenye mfuko wa nailoni. Ya nyekundu iseme waziwazi ni watu wa vitongoji gani waondoke, waende jengo gani, na nani ana ufunguo wake. Hilo la ufunguo nalisema kwa makusudi. Jengo la kukimbilia ambalo limefungwa na mwenye ufunguo yuko mjini si jengo la kukimbilia.

Na tahadhari isitegemee simu peke yake. Umeme ukikatika, mnara wa simu unaendelea kwa betri au jenereta kwa muda, kisha unazimika, na kijiji kizima kinabaki na simu zisizo na mtandao hata kama zina chaji. Tuna vipaza sauti vya misikiti, tuna kengele za shule, tuna wapiga mbiu. Kila kitongoji kiwe na mtu anayejulikana ambaye kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba, na apewe tochi, koti la mvua na posho ya siku hizo.

Sasa nije kwenye nyumba yenyewe, kwa maana hapo ndipo ninapoona mengi yangeweza kufanyika kwa fedha ndogo.

Watu hudhani upepo unalisukuma paa mpaka linang'oka. Mara nyingi unalinyanyua. Ukipita kwa kasi juu ya bati unalivuta kwenda juu, na ule ulioingia ndani kupitia dirisha lililo wazi au mwanya kati ya ukuta na kenchi unalisukuma kutoka chini. Nguvu hizo mbili hukutana kwenye kingo na pembe, ndiyo maana bati la kwanza kuondoka ni la pembeni, na likishatoka hilo, mengine hufuata. Kwa hiyo misumari iliyotosha katikati ya paa haitoshi pembeni. Pale inatakiwa ikaribiane zaidi, na iwe misumari ya bati yenye kofia pana, si ile ya kawaida iliyokunjwa kichwa kwa nyundo. Kenchi nazo zifungwe kwenye ukuta, si kukalishwa juu yake tu. Kwa nyumba ya tofali, waya mnene au nondo nyembamba iingie ndani ya lenta wakati wa kujenga, ije izungushwe kwenye kenchi. Kwa nyumba ya fito na udongo, nguzo za nyumba ndizo zifungwe na kenchi kwa waya, na nguzo hizo ziingie ardhini vya kutosha.

Baraza nalo lina habari yake. Huku kwetu tunapenda kulirefusha paa lifunike baraza, tupate kivuli cha kukaa jioni. Upepo ukiingia chini ya baraza hauna pa kutokea, unalinyanyua paa zima kuanzia pale. Paa la baraza likijengwa mbali na paa la nyumba, likiondoka litaondoka peke yake. Paa la pande nne linahimili kuliko la pande mbili, na paa lililoinuka kiasi, kama nyuzi 30, linahimili kuliko lile la bapa ambalo mafundi hulipenda kwa sababu linakula bati chache. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mhandisi kutoka Dodoma. Linahitaji fundi wa kijiji aliyefundishwa siku mbili tatu.

Na hapo ndipo ninapowaomba. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ipo Lindi, ipo Mtwara. Walimu wake washuke kwenye kata kabla ya Novemba, wakusanye mafundi seremala na waashi wa kila kijiji, wajenge paa moja mbele yao, labda la ofisi ya kijiji au nyumba ya mwalimu, ili kila apitaye aone kenchi ilivyofungwa. Kisha Halmashauri inunue kwa jumla misumari ya bati na waya wa kufungia, na vitu hivyo vifike kwa nyumba za wazee, wajane na wenye ulemavu bila malipo, na kwa wengine kwa bei ya kununulia. Hesabuni gharama ya kilo chache za misumari, kisha hesabuni gharama ya hema moja.

Nisiwasahau wenye makuti. Wataalamu wengi wakija huku huanza kwa kusema makuti yaondolewe. Paa la makuti likichanika linarudishwa kwa siku chache na majirani wakisaidiana, na kuti likiruka halimkati mtu. Bati likiruka linakata. Mwenye makuti anachohitaji zaidi ni fito imara, kamba mpya na wavu wa zamani wa kuvulia wa kufunika juu, ufungwe chini pande zote. Nyavu chakavu zimejaa ufukweni. Hatari kubwa ya makuti ni moto. Umeme ukikatika siku nyingi watu hurudi kwenye koroboi na mishumaa chini ya makuti makavu, na upepo bado upo. Taa ndogo ya sola kwa kila nyumba ya makuti ni kinga ya moto kabla haijawa mwanga wa kusomea.

Ukuta wa udongo unaanguka kutoka chini. Maji yakisimama siku moja kwenye msingi, udongo unalainika na ukuta unakaa. Dawa yake inajulikana: msingi uinuliwe, sehemu ya chini ya ukuta ipigwe plasta ya sementi, na mfereji uzunguke nyumba na kupeleka maji mbali, si kwa jirani. Mifereji ya nyumba haitasaidia kitu kama mfereji wa barabara umeziba, na huo si wa kwetu. Mara ngapi tumeona kalvati limejaa mchanga kuanzia Juni hadi siku ya mvua ya kwanza?

Nimefika kwenye umeme. Kwanza niseme lililo la haki: umeme wa kutosha nchi inao. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limefikia megawati 2,115, mashine zote tisa. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kwenda Dar es Salaam mwaka 2004, inatoka ndani ya wilaya yetu hii. Malawi walipata msiba mwingine: Januari 2022 dhoruba Ana ilibomoa sehemu ya bwawa la Kapichira na wakakosa umeme wa kituo kile kwa zaidi ya mwaka mzima. Sisi giza letu halitoki huko. Linatoka kwenye waya wa mwisho, ule unaopita porini kwa nguzo za miti kutoka barabara kuu hadi kijijini.

Waya huo wa msongo wa kilovolti 33 huenda kwa mstari mmoja. Nguzo moja ikianguka mahali fulani, wote walio mbele yake wanazimika, hata kama kwao hakuna jani lililodondoka. Ndiyo maana naomba viwekwe vikata umeme njiani, penye matawi ya laini, ili mafundi waweze kutenga kipande kilichoharibika na kuwawashia wengine siku hiyohiyo. Naomba nguzo za zege, ambazo nchini sasa zinatengenezwa, zianzie kwenye mabonde na vinamasi vyetu, kwenye udongo unaojaa maji kila masika, kabla ya kwenda kwenye ardhi kavu. Mti unaooza shina ndani ya maji hausubiri kimbunga.

Sisi wanakijiji tunazijua nguzo mbovu. Tunajua ipi imeegemea waya, ipi imeliwa na mchwa, wapi mkorosho umekua hadi ukagusa laini. Hakuna aliyewahi kutuuliza. Kabla ya Novemba mafundi wapite na mwenyekiti wa kitongoji, waandike nguzo zote zinazotia shaka, na orodha ibandikwe ofisi ya kijiji pamoja na tarehe ya kubadilishwa. Mkuza, yaani njia inamopita laini, ufyekwe, na vijana wa kijiji wapewe kazi hiyo kwa malipo. Mwenye mwembe wake karibu na laini aelezwe kwa heshima kwa nini unakatwa matawi, aoneshwe matawi yepi, na alipwe pale anapostahili. Ukikatwa kibabe, mwakani ataficha mche mwingine palepale.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote katika habari ya umeme, nalo ni ghala. Barabara yetu ni moja. Inakatika Somanga, inaweza kukatika Matandu, inaweza kukatika Mbwemkuru. Kama nguzo, nyaya na transfoma za akiba ziko Dar es Salaam au Lindi mjini, basi siku tunapozihitaji ndiyo siku haziwezi kufika. Wekeni akiba Nangurukuru. Wekeni nyingine kaskazini ya Somanga na nyingine Mchinga. Mafundi nao walale huko tahadhari ya chungwa inapotoka, wakiwa na gari, mafuta, msumeno wa mashine na chakula chao. Wizara ya Ujenzi inaweza kufanya hivyohivyo kwa makalvati, mawe na daraja la chuma la muda. Mei 2024 vifaa na wataalamu walifika na walifanya kazi usiku na mchana, tuliwaona na hatutawasahau. Walilazimika kufika kwanza.

Kisha tuambieni ukweli. Kijiji kinaweza kuvumilia giza la wiki moja kikijua ni wiki moja. Mwenye friji la samaki angeuza au kuanika siku ya kwanza. Ng'onda, samaki wa kukaushwa, tunajua kuitengeneza tangu enzi za mababu. Anapoambiwa "mafundi wako njiani" kila asubuhi, anasubiri, na siku ya nne anamwaga. Toeni taarifa moja kwa siku, saa inayojulikana, kwa redio na kwa ofisi ya kijiji: wapi pameharibika, kazi imefika wapi, msitegemee kabla ya siku gani.

Mita za LUKU, zile za kulipia umeme kabla, nazo zinahitaji kufikiriwa. Tokeni hununuliwa kwa simu au kwa wakala mwenye mtandao. Umeme ukirudi na mtandao ukiwa bado haujarudi, mwenye mita iliyoisha anabaki gizani huku jirani yake amewasha. Watu wakumbushwe kuongeza uniti tahadhari inapotoka. Na wafundishwe jambo ambalo watu wa mjini hudhani kila mtu analijua: umeme ukikatika katika dhoruba, zima swichi kuu na uchomoe friji, televisheni na chaja, kwa sababu unaporudi unaweza kuja na nguvu isiyo ya kawaida ukaunguza kila kilichochomekwa. Waya ulioanguka usiguswe hata kama mtaa mzima hauna umeme. Unaweza kuwashwa dakika yoyote. Vijijini kwetu nyumba nyingi zimeunganishwa miaka ya karibuni kwa ile shilingi 27,000 ya mradi wa umeme vijijini, na hilo ni jambo jema mno. Elimu ya usalama haikuja na mita.

Wenye jenereta waambiwe pia: isiwashwe ndani wala barazani penye dirisha. Moshi wake hauna harufu ya kutosha kumwamsha aliyelala. Jiko la mkaa vivyo hivyo, na baada ya mvua ya siku tatu kila mtu hutamani kuliingiza chumbani.

Maji nitayataja kwa kifupi, kwa sababu suala lake ni jepesi kulielewa. Vijiji vingi sasa vinapata maji kwa pampu ya umeme. Umeme ukienda, maji yanaenda, na watu hurudi kwenye visima vya wazi wakati uleule ambapo mafuriko yameingia vyooni. Kipindupindu hakihitaji mwaliko mwingine. Pampu za mkono zilizoachwa baada ya mradi mpya kufika zikarabatiwe, zisiuzwe chuma chakavu. RUWASA, wakala wa maji vijijini, ifunge sola kwenye visima vya vijiji vilivyo mwisho wa laini. Vidonge vya kutibu maji vikae zahanati tangu Oktoba, si baada ya mgonjwa wa kwanza.

Zahanati nayo. Akina mama hawachagui usiku wa kujifungua. Naomba kila kijiji kiwe na jengo moja ambalo halizimiki, na kwa maoni yangu liwe zahanati: paneli za sola zinazofungwa imara na kufunguka haraka, betri ya kutosha taa, friji la chanjo na kuchaji simu za kijiji kizima kwa zamu. Wajawazito waliofika mwezi wa tisa waorodheshwe tahadhari inapotoka na wasogezwe karibu na hospitali ya wilaya kabla barabara haijakatika. Wenye dawa za kila siku, za presha, sukari na za kufubaza virusi, wapewe za miezi miwili kabla ya msimu. Anayetumia insulini afundishwe kuihifadhi kwa chungu: chupa ndani ya chombo kisichopenya maji, ndani ya mtungi wa udongo uliowekwa maji na kukaa kivulini penye upepo. Bibi zetu walipoza maji ya kunywa hivyohivyo.

Chakula tunaweza wenyewe, kwa sehemu kubwa. Makopa, mbaazi, choroko, mtama na ng'onda vinakaa bila friji, na kila nyumba ya pwani inajua kuvitunza. Kinachotukwamisha ni mashine ya kusaga. Zamani kila nyumba ilikuwa na kinu na mchi. Leo nyumba nyingi hazina, na mashine ikikosa umeme watu wanakaa na gunia la mahindi wasiloweza kulila. Naomba kila kijiji kibaki na mashine moja ya dizeli, na mwenye nayo apewe mafuta ya akiba kwa masharti yanayojulikana.

Upande wa kupikia, mwezi uleule wa Hidaya Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi wa kufikia asilimia 80 ya Watanzania mwaka 2034. Naunga mkono, nimeona macho ya wanawake yaliyoharibiwa na moshi. Lakini mtungi wa gesi huku unakuja kwa lori, na lori linapita Somanga. Mkituhamishia kwenye gesi, hakikisheni wauzaji wa vijijini wanajaza maghala yao kabla ya msimu. Kuni za akiba nazo ziwekwe juu, pakavu, chini ya paa. Kazi ya kutafuta kuni kavu wakati wa mafuriko humwangukia mwanamke, na mara nyingi binti wa shule.

Mtaniuliza fedha. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeshusha kamati hadi ngazi ya kijiji, kwa hiyo chombo kipo kisheria. Kiwezesheni: kipaza sauti, kamba, msumeno, tochi, makoti ya mvua, daftari la wazee na wagonjwa, na mkutano mmoja wa mazoezi kila Oktoba. Ajira za muda za TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, huchimba mifereji na kutengeneza njia. Kazi hizo zipangwe kati ya Julai na Oktoba, na sehemu yake iende kwenye mifereji ya makazi na kupanda mikoko pale ilipokatwa. Mikopo ya asilimia kumi ya Halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu inaweza kuanzisha kikundi cha taa na betri za sola, au cha mafundi wa paa, badala ya kila kikundi kuandika mradi wa kuku. Kinachobaki ni nguzo, barabara na zahanati, na hivyo ni vyenu. Hakuna mwanakijiji anayeweza kununua transfoma.

Ikiwa mnaweza kufanya machache tu mwaka huu, basi naomba haya: orodha ya nguzo mbovu itembelewe na kubadilishwa, akiba ya vifaa vya umeme na barabara ivuke Somanga kabla ya Novemba, na mafundi wa paa wafundishwe pamoja na misumari mkononi. Mengine tutayadai mwakani.

Mkija, njooni kijijini siku ya gulio, watu wote wanakuwapo hadi adhuhuri. Mwenyekiti atawaonesha nguzo ya kwanza. Iko nyuma ya shule, imeshikwa kwa waya tangu masika iliyopita, na watoto wanapita chini yake kila asubuhi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa pwani ya Kilwa